Gobore la Mashoto

Kabla ya yote naomba radhi kwa mwandiko. Herufi zangu zinalala, nyingine zimekaa kinyume, na najua yapo maneno niliyoyaandika vibaya, maana shule yangu iliishia darasa la saba na hata huko sikuwa mwepesi wa kalamu. Ukurasa huu wa kwanza umenichukua asubuhi nzima. Mbele nitaeleza kwa nini mwandiko uko hivi, kwa sasa nakuomba uvumilie tu.

Halafu nitakuita mwanangu. Huenda tunalingana umri, huenda wewe ndiye mkubwa, na mimi sina mvi hata moja. Lakini maneno haya yalinifikia kwa kuitwa hivyo, na naona nikiyatoa kwa jina jingine yatapungua.

Ipo siku ninayoikumbuka mpaka harufu yake, vumbi la mbao na chai ya tangawizi. Ilikuwa Iringa mjini, kwenye karakana ya Mzee Shomari, fundi bunduki mwenye leseni. Ni mzee wa Kiislamu, babu yake alitoka pwani kufuata biashara akabaki huku kwenye baridi. Nilikwenda na mjomba wangu Ambakisye, kaka yake mama. Tulipanda basi Uyole alfajiri, na njia nzima mjomba alikuwa akizungumza na watu wa siti ya mbele na ya nyuma, mimi nikitazama dirishani. Ndivyo tulivyo. Yeye anasema kwa niaba ya wawili.

Tulikwenda kuchagua gobore langu la kwanza.

Wewe wa mjini labda hujaliona. Gobore ni bunduki ya zamani, baruti na risasi hushindiliwa kwa mdomoni mwa mtutu. Kijijini kwetu, juu ya Uyole, mashamba ya viazi yanaishia pale msitu unapoanzia, na nguruwe pori wanajua siku viazi vinapokomaa kuliko sisi. Wakiingia hawali wakaondoka, wanafukua shamba zima. Msimu ule walifukua shamba la mama mpaka likawa kama limelimwa upya, na lile ndilo shamba letu, hatuna jingine. Baba alikuwa mlinzi wa mashamba mwenye kibali. Alipofariki, gobore lake lilikuwa limeliwa na kutu, polisi wakalichukua likaharibiwe. Kiongozi wa walinzi, Mzee Mwakalinga, akaniambia nifuate taratibu niombe kibali changu, niingie kwenye nafasi ya baba.

Huyu Mzee Mwakalinga nimweleze kidogo. Ni mlenga shabaha ambaye hapakuwa na wa kumfikia. Kando ya pua yake ana vidoa vyeusi vingi, sisi tuliamini ni alama za ndui ya utotoni. Zamu ikipangwa, yeye huchagua kusimama peke yake pembe ya mwisho kabisa, karibu na msitu. Tulisema ni ujasiri.

Basi nikafuata taratibu, serikali ya kijiji, kata, polisi, nikasubiri mpaka nikapata. Katikati ya kusubiri, rafiki mmoja wa mjomba alikuja kutoka Makongolosi na mtutu uliofungwa kwenye gunia, akasema atatuachia kwa bei ya kirafiki. Mjomba macho yalimng'aa. Mama aliuliza swali moja tu, "Umeutoa wapi?" Yule bwana akaanza hadithi ndefu, mama akaingia ndani, na hadithi ikaishia hapo.

Mzee Shomari alikuwa na utaratibu wake. Aliuza gobore likiwa vipande ndani ya sanduku. Vyuma vyote, mtutu na mtambo wenye nyundo, alivitengeneza na kuvijaribu yeye. Mbao ya kitako, ile sehemu inayokaa begani, aliichonga nusu tu. Mteja mwenye kibali alikwenda nayo nyumbani peke yake, bila chuma, akaimalizia kwa tupa na msasa kwa wakati wake, halafu akairudisha karakana mzee aunge, ajaribu, na namba iandikishwe. Watu wa mashambani walipenda hivyo kwa sababu ni nafuu, na kwa sababu kitu ulichokichonga mwenyewe unakitunza.

"Shikamoo," nilimsalimia, nikampa mkono.

"Marahaba, mwanangu." Alishika kiganja changu akakaa nacho kidogo kuliko kawaida. "Mnatoka kwenye viazi au kwenye mpunga?"

"Viazi, mzee wangu," mjomba akajibu. "Wa mpunga ni wale wa Ubaruku, wana hela wale. Wasingekuja kwako kununua vipande."

Mzee akacheka kidogo. "Kibali kwanza. Bila karatasi hata kifuniko cha sanduku sifungui."

Alikisoma kibali taratibu, mjomba akimsimulia habari zetu zote, yeye ni nani na baba alivyotuacha, kisha akafungua masanduku mawili juu ya meza. La kwanza, mwanangu, lilinikata maneno, na mimi maneno yenyewe ni machache. Mtutu mrefu, mbao ya mninga yenye mawimbi mekundu, na vipande vya shaba vya kupachika, kimoja umbo la mwezi, kingine umbo la samaki. La pili lilikuwa fupi, jepesi, mbao haina urembo.

"Hili," mjomba akasema, mkono wake tayari uko kwenye lile refu. "Nguruwe wakiliona hili wanahamia Zambia wenyewe."

"Ni kazi yake ya kwanza?" mzee akauliza.

"Ya kwanza."

"Basi shaba aiache. Kila kipande cha shaba ni shimo la kuchimba kwenye mbao, na mkono wa kwanza haujui kuchimba. Nimerudishiwa vitako vyenye mashimo kama sahani." Akanigeukia mimi, akampita mjomba kwa macho. "Unapochagua, mwanangu, anza na mtutu. Tazama muhuri wa aliyeujaribu, usipouona weka chini, hata ukiambiwa ni wa mfalme. Kisha mbao, iwe kavu kweli, maana mbichi itajikunja ukiwa umeshamaliza kujisifu. Uzuri utazame mwisho, kama muda utakuwa umebaki. Haya, linyanyue, nione linakukaaje."

Alikuwa ameviunga vipande kwa muda ili mteja apime bega. Nikanyanyua lile refu. Nikaliweka bega la kulia.

Hapa inabidi nikuambie jambo. Mimi ni mashoto. Nilizaliwa hivyo. Kwetu mkono wa kushoto ni wa shughuli za chooni, haupokei kitu, hauli, hausalimii. Nilipokuwa mdogo mama alinigonga vidole na mwiko kila nilipokosea sahani. Shuleni kidole kilifungwa kitambaa ili kalamu isikae. Sikuwalaumu, walitaka nionekane mtu mwenye adabu. Nikajifunza. Mbele za watu nilifanya kila kitu kwa kulia, polepole, wakasema Lusekelo ni mpole na mzito wa kazi. Peke yangu shambani nilihamisha jembe upande wangu, nikahamisha panga, na kombeo la kufukuzia ngedere nililirusha kwa kushoto bila kukosa. Mtu akitokea njiani, narudisha kulia. Nimeishi hivyo mpaka hata mimi nilisahau kwamba ni kuficha.

Sasa bega la kulia lilikipokea kile kitako kama linavyopokea mzigo wa mtu mwingine. Nikafumba jicho ambalo halikutakiwa kufumbwa. Nikalifumbua, nikafumba lile jingine, shingo ikapinda.

"Linamkaa vizuri," mjomba akasema.

Mzee alichukua kipande cha mbao kibovu, akakibana kwenye jiliwa, akanipa tupa. "Nipigie kidogo hapo. Simpi mtu kazi ya kupeleka nyumbani kabla sijauona mkono wake."

Nikapiga tupa kwa kulia. Ilirukaruka kama mbuzi. Mzee akaiondoa mkononi mwangu bila ukali.

"Nipe viganja. Vyote viwili."

Nikavitoa. Akavigeuza juu, akavipima kwa kidole gumba. "Uliponisalimia nilijiuliza huyu mkulima gani ana kiganja kama cha karani. Kumbe sugu ziko huku." Alikuwa anabonyeza cha kushoto. "Panga unashika na upi?"

Nikaitazama ile tupa. Mjomba akaingilia, maana kimya humuumiza kama jino.

"Alikuwa mashoto zamani, mzee. Akiwa mtoto. Tulishamnyoosha."

"Mmenyoosha nini, Ambakisye? Tazama hiki kiganja."

Kisha akafunga masanduku yote mawili. Akaweka kufuli. Kwa mawazo, mwanangu, nilimwona mama amesimama katikati ya yale mashimo shambani, nikajua narudi kwake mikono mitupu kwa sababu ya mkono.

"Njoo nje," mzee akasema.

Nyuma ya karakana palikuwa na ua mdogo. Alitoa mtutu mtupu wenye mtambo wake, akanionyesha hauna kitu ndani, akaufunga kwenye kigogo. Akachukua karatasi nyeupe, akaibandika kwenye ubao, akausimamisha ubao kando ya mtambo, upande ule ule wa nyundo.

"Mtambo uko kulia kwa sababu watu wengi hulalia kitako kwa shavu la kulia, uso wao unabaki upande wa pili. Mashoto akiliweka bega lake, uso wake unakaa hapa." Akagonga ile karatasi. "Hapa ndipo pua yako. Hapa jicho."

Aliweka fataki moja tu, kile kikombe kidogo kinachopigwa na nyundo kuwasha baruti, bila baruti yenyewe, bila risasi, akaturudisha nyuma, akafyatua kwa kamba. Ulikuwa mlio mdogo, kama mtu kavunja kijiti kikavu. Akaibandua karatasi akanipa.

Ilikuwa na vitundu. Vidogo, vyeusi pembeni, vimetawanyika pale alipoonyesha pua na pale alipoonyesha jicho. Nikaiinua juu, mwanga wa jua ukapita kwenye vile vitundu ukaniangukia mkononi. Mjomba Ambakisye akasogea akachungulia kwenye vile vitundu.

"Sasa nisikilize, mwanangu, maana nina hasira kidogo," mzee akasema, na kweli sauti ilikuwa ya chini. "Ulitaka kuniharibia jina. Ungeondoka hapa na lile lenye mwezi na samaki. Bega la kulia ungelitumia mbele za watu. Siku nguruwe anakuja mbio, huna hata nafasi ya kufikiri, mwili ungelirusha bega lake la kweli. Na wangesema gobore la Shomari limempofusha yule mtoto wa mjane. Mimi na wewe tungejua si gobore."

"Nisamehe, mzee."

"Sitaki msamaha wako. Kula kwa kulia, salimia kwa kulia, hiyo ni adabu, na mimi mwenyewe nimewafundisha wanangu hivyo. Lakini adabu ni ya kwenye sahani na mlangoni kwa watu. Chuma hakina aibu, hakikuonei haya wewe wala hakikufichii siri. Mtu akikupima kwa ajili ya chuma, mwambie ukweli wa mwili wako, hata kama ukweli huo umeshachapiwa fimbo."

Tulirudi ndani. Alipanda kwenye kigoda, akateremsha sanduku la tatu kutoka rafu ya juu, limefunikwa gunia. Mtambo wake ulikuwa kushoto. Liliagizwa na bwana mmoja, akahama kabla hajalichukua, na tangu hapo hakuna aliyeliuliza. Mbao ilikuwa ya kawaida, ina kovu la tawi ubavuni.

"Hilo?" mjomba akasema, amekunja uso. "Mzee, hata mbao yake imeugua."

"Mbao haijaugua, ilikuwa na tawi," mzee akajibu, lakini alikuwa ananitazama mimi. "Sikuuzii kwa kukisia. Sema mwenyewe unataka lipi, na kwa nini."

Nilijua anachotaka. Yale maneno sikuwahi kuyatamka mbele ya mtu.

"Nataka hili," nikasema. "Mimi ni mashoto."

Jirani ukutani kulikuwa na fundi cherehani, na cherehani yake ilikuwa inalia. Mzee akaweka kiganja sikioni. "Sijasikia. Hiyo mashine."

"Mimi ni mashoto," nikasema kwa sauti, na wakati huohuo cherehani ikanyamaza.

Kutoka ng'ambo ya ukuta yule fundi akaitikia, "Haya, tumesikia." Mjomba alicheka mpaka akashika meza. Na mimi nikacheka, mwanangu, jambo ambalo sikulitegemea hata kidogo.

Nilikwenda na ile mbao nyumbani. Niliichonga uani, mchana, watu wakipita. Siku ya kwanza mama alikuja na kikapu cha viazi vile vichache vilivyosalia, akasimama. Aliutazama mkono wangu wa kushoto ulivyokuwa unakwenda na tupa, umetulia, unga wa mbao unaanguka sawasawa. Nilisubiri mwiko, ingawa nilikuwa nimeshamzidi kimo. Alitua kikapu, akakisogeza kigoda changu kikageukia upande mwingine.

"Ulikuwa unajizibia mwanga," akasema, akaingia jikoni.

Siku ya kuingia zamu, jioni jua likiwa bado lipo, walinzi wenzangu walilizunguka gobore langu wakalicheka vizuri. Mmoja akasema limevaa shati kinyume. Mwingine akasema risasi yake itatokea Tukuyu. Nilikuwa nimejiandaa, sikufa. Mzee Mwakalinga peke yake hakucheka. Alilipokea kwa mkono wa kulia, akaligeuza, akapitisha kidole kwenye mtambo, akanirudishia, akaenda zake kwenye pembe yake ya msituni.

Asubuhi yake alikuja nyumbani. Alikaa, akanywa chai, akasifu ng'ombe wa jirani, akauliza hali ya njia ya Iringa. Mwisho, chai ikiwa imeisha, akauliza huku anaangalia kikombe, "Huyo fundi, anaweza kutengeneza jingine kama lile?"

"La nani, mzee?"

Akaugusa uso wake, kando ya pua, pale penye vile vidoa. "Jicho hili la kulia lina ukungu tangu nikiwa kijana kama wewe. Nimekuwa nikienda kusimama kule mwisho ili mtu asione naweka bega lipi." Akasimama, akavaa kofia. "Mimi nilikosa wa kunifungia sanduku."

Niliichukua ile karatasi ya Mzee Shomari nikamwonyesha. Aliishika muda mrefu. Kisha akaikunja akairudisha, na siku chache baadaye akapanda basi Uyole, peke yake, bila kumwambia mtu anakwenda wapi. Yeye mwenyewe ameniruhusu niandike haya. Alisema, "Andika, lakini usiandike kwa kunihurumia."

Basi mwanangu, ninachotaka kukuachia ni hiki. Ukienda kuchagua gobore lako la kwanza, anza na kibali, kisha fundi anayejulikana na serikali. Chuma usichojua kilikotoka kipite njia yake, hata kikiletwa na rafiki wa mjomba wako. Kwa kazi ya kwanza chukua lile la kawaida, lenye kovu, utajifunza juu yake bila kuogopa kuliharibu. Lakini kabla ya yote hayo ujue unaliweka bega lipi, na umwambie anayekuuzia, hata kama kuna cherehani ukutani na watu wanasikia. Na kama huna haja ya gobore, maana wengi hamna, ipo siku utavaa kitu au utashika kitu au utaingia kazi iliyopimwa kwa mwili wa mtu mwingine, na utaona haya kusema. Siku hiyo sema. Kucheka kwao kutaisha kabla ya chai.

Mama amevuna msimu huu. Si shamba zima, ila kikapu hakikutosha, tuliongeza magunia.

Kuhusu mwandiko sasa. Barua hii nimeiandika kwa mkono wa kushoto, toka salamu mpaka hapa. Ni mkono ambao haukuwahi kufundishwa herufi, ndiyo maana unaandika kama mtoto wa darasa la kwanza. Nimeamua uanze shule.

Mungu akulindie mikono yako yote miwili, aliyokupa yeye, na macho yako yote mawili yaone wajukuu. Nyumba yako isikose mtu wa kukuambia ukweli kwa sauti ya chini. Na ukipata nafasi niandikie, hata mistari miwili, uniambie ni kitu gani ulikichagua mara ya kwanza na kilikukaaje. Makosa ya maandishi usiyaogope. Andika kwa mkono wowote ulio wako, mimi nitasoma taratibu.